Kutenganisha taka kwenye avenyu ya Bukavu: mwongozo kamili kwa nyumba kumi na biashara zilizo katikati yake

Maswali yanayotufikia kutoka Kadutu, Ibanda na Bagira, komini tatu za mji wa Bukavu, yanafanana: mbona kutenganisha taka kunatushinda? Avenyu, yaani majirani wa barabara moja, ilikutana siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), ikachanga pesa, ikanunua mapipa matatu, ikayapaka rangi na kuandika "plastiki", "karatasi", "vinavyooza". Baada ya majuma machache mapipa yote yana mchanganyiko uleule, moja limeibwa, na mtaro umejaa tena.

Kosa halikuwa la majirani. Waliambiwa watenganishe kabla ya mtu yeyote kujua kila rundo litakwenda wapi. Mama aliyeosha chupa zake na kuziweka kando, kisha akaona zinamwagwa kwenye gunia moja na maganda ya ndizi, hawezi kurudia tena. Na ana haki.

Kwa hiyo mwongozo huu umegeuza mpangilio: wapokeaji kwanza, biashara pili, makubaliano tatu, ndoo nne. Umeandikwa kwa nyumba kumi tu, pamoja na vioski, malewa (vibanda vya chakula) na saluni zilizopo kati yake. Anayetaka kuanza na kartie nzima, yaani mtaa wenye avenyu nyingi, asubiri. Sababu ataiona kwenye hesabu ya mboji.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Mizani ya ndoano ya kupimia gunia. Ya kuazima inatosha.
- Daftari mbili: moja ya uzito, moja ya pesa. Zisichanganywe.
- Ndoo 10 zenye mfuniko, za lita 10 hadi 20. Ndoo ya rangi ya nyumba iliyosafishwa vizuri inafaa.
- Magunia 30 hivi ya makala (mkaa) yaliyokwisha kutumika.
- Mianzi au mabanzi ya mikaratusi ya kutengenezea masanduku 6 hadi 8 ya mboji, kila moja mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1.
- Turubai au majani ya migomba ya kufunikia.
- Uma wa shamba, koleo, jozi mbili za buti na glavu nene za mpira.
- Nondo ya chuma yenye urefu wa mita moja, ya kupimia joto la mboji.
- Chupa ngumu zenye kizibo kwa ajili ya sindano, na kopo la chuma lenye mchanga mkavu kwa ajili ya betri.
- Mahali penye kivuli, pa tambarare, palipo mbali na mtaro na ukingo wa bonde.

Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote mjini kwetu. Msikubali kupewa ukingo wa mteremko kwa sababu tu "hapana mwenye hapo". Mboji ina uzito na inashika maji, na udongo wetu mwekundu ukilowa sana juu ya mteremko unateleza na nyumba za chini yake. Parsela (kiwanja) ya kanisa, uwanja wa nyuma wa shule au pembe ya parsela ya jirani mmoja ni bora, hata kama mtaipata ndogo.

## Hatua ya 1: Pimeni kwa siku saba

Chagueni juma la kawaida, lisilo na sikukuu wala msiba. Kila asubuhi kijana mmoja anapita nyumba kumi na biashara zote, anapima alichopewa, anamwaga kwenye turubai, anagawa mafungu sita na kupima kila fungu: vinavyooza, plastiki ngumu, sashe (mifuko laini ya plastiki), vyuma, karatasi na chupa za kioo, na mabaki yasiyo na jina.

Kwa nini mjisumbue? Kwa sababu bila namba mtabishana milele juu ya nani anayechafua. Na kwa sababu namba itawashangaza. Watu wengi wanadhani taka ni plastiki, maana plastiki ndiyo inayoonekana ikielea. Kwenye mizani mambo ni mengine: katika miji mingi ya Afrika zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni vitu vinavyooza. Maganda ya ndizi na muhogo, mashina ya sombe (kisamvu), maganda ya maharage, kokwa za avokado.

Kipimo cha kulinganishia: mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtu mmoja kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Nyumba yenye watu saba ni kama kilo 3. Nyumba kumi ni kama kilo 32 kila siku, na nusu yake, kilo 16 au zaidi, inaoza.

Mmefaulu ikiwa: mnaweza kusema, mkisoma daftari, "avenyu yetu hutoa kilo kadhaa kwa juma, na kati yake kadhaa zinaoza." Kama jumla yenu iko chini sana ya makadirio yale, kuna nyumba inayotupa usiku. Msiitafute sasa.

## Hatua ya 2: Tafuteni mpokeaji wa kila fungu

Hapa ndipo penye kazi. Tengeni majuma mawili mazima, na msiitishe mkutano wowote kabla hamjamaliza. Kwa kila fungu andikeni kwenye daftari: nani anapokea, wapi, anataka lifikeje, kiasi gani kwa chini, na analipa au hapana. Asiyejibu maswali hayo matano si mpokeaji, ni mtu wa kuahidi tu.

Wanyama. Anzeni hapa, kwa kuwa ni pa bure na pa karibu. Nyumba nyingi za Kivu Kusini zinafuga simbilisi au sungura, na wanakula maganda ya mahindi mabichi, majani ya viazi vitamu, mabaki ya mboga yaliyo safi. Nguruwe na mbuzi wanapokea zaidi. Maonyo mawili: maganda ya muhogo mchungu yana sumu yakiwa mabichi, yaanikeni juani mpaka yakauke kabla ya kumpa mnyama, na mabaki yenye nyama ya nguruwe yasipewe nguruwe kamwe, maana homa ya nguruwe ya Afrika husafiri hivyo na haina dawa.

Wakulima wa mboga. Hawa ndio wateja wa mboji. Wanaolima lengalenga (mchicha), kabichi na vitunguu ndani ya mji, na wale wa Kabare na Walungu wanaoshuka na mizigo yao sokoni Kadutu. Mwulizeni mmoja au wawili kama wangejaribu gunia moja bure. Msitaje bei bado. Mboji ambayo mtu hajaiona haina bei.

Vumbi la makala. Halikosekani chini ya gunia la makala wala mbele ya muuzaji. Likichujwa na kukandwa na uji wa unga wa muhogo, kilo 1 ya unga kwa kilo 10 hadi 15 za vumbi, kisha likafinyangwa na kuanikwa siku kadhaa, linakuwa briketi zinazowaka kwenye mbabula (jiko la makala). Mama mmoja anayejua kazi hii anatosha kupokea vumbi la avenyu nzima. Mkumbusheni tu kwamba briketi hutoa hewa ya sumu sawa na makala: hazitumiwi kwenye chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi.

Plastiki ngumu. Mabido ya njano (madumu ya maji) hayahitaji mpango wowote. Kwa shida yetu ya maji, nani amewahi kuliona moja zima mtaroni? Chupa za maji na soda ni habari nyingine. Tafuteni kwanza wauzaji wanaozinunua kwa ajili ya mafuta ya mawese, asali, kasiksi (pombe ya ndizi) au sabuni ya maji. Zinazobaki ndizo za mnunuzi wa kilo. Kabla ya kuzikusanya mwulizeni anataka namba gani, maana kila chupa ina namba chini yake ndani ya pembetatu, na wengi wanachukua namba 1 au namba 2 tu.

Vyuma na alumini. Hapa hamna la kutafuta. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita wenyewe, na wafua sufuria wanayeyusha alumini. Wapeni na mwandike.

Chupa za kioo. Chupa za bia na soda zina vidanje, yaani amana unayorudishiwa ukirudisha chupa tupu. Ndiyo maana hazimo mtaroni, na nitarudi kwenye jambo hili kwenye hatua ya 3.

Sashe. Semeni ukweli: hakuna anayezinunua. Ni nyepesi, chafu, na kilo moja yake inachukua siku nzima kuiosha. Sashe haitafutiwi mpokeaji. Inazuiwa isiingie avenyu.

Mmefaulu ikiwa: walau mafungu matatu kati ya sita yana mpokeaji aliyejibu maswali yote matano. Likiwa moja tu, anzeni na hilo moja. Avenyu inayofanya mboji peke yake na kuifanya vizuri imepunguza nusu ya kinachokwenda jalalani.

## Hatua ya 3: Biashara kabla ya nyumba

Kila mtu anataka kuanza na nyumba. Anzeni na biashara, kwa sababu tatu. Biashara moja ya malewa hutoa maganda ya nyumba kadhaa, na yako safi, hayakuchanganyika na pampasi. Mwenye biashara yupo mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni, mnajua wa kuzungumza naye. Na sashe zote za avenyu zinatoka kwenye meza yake.

Nendeni watu wawili, mmoja awe mama anayefahamika, na msiende saa ya wateja. Mazungumzo yaende hivi:

"Mama, jambo. Hatukuja kuomba pesa. Maganda yako ya kila siku unayafanyia nini?"

"Namlipa mtoto anayapeleka."

"Anayapeleka wapi?"

Atacheka, kwa sababu wote mnajua bonde lipo wapi. Sasa mwambieni: tutayachukua kila siku saa kumi na moja jioni, bure, ukituwekea kwenye ndoo hii bila sashe wala mifupa. Hamjamwomba fadhila, mmempunguzia gharama. Hiyo ndiyo lugha ya biashara.

Kwa kila biashara ombeni jambo moja tu la kwanza:

- Malewa na mgahawa: maganda mabichi kwenye ndoo yao.
- Fundi mbao: randa na vumbi la mbao, lisilo la mbao zilizopakwa rangi au dawa. Mtalihitaji sana kwenye mboji.
- Butiki na depo (duka la vinywaji): makaratoni yaliyokunjwa, makavu.
- Fundi cherehani: vipande vya vitambaa, vya kujazia mito na viti.
- Saluni: nywele za bandia zikae kwenye gunia la mabaki. Hazina njia nyingine, na zikiingia mtaroni zinashika kila kitu kingine.
- Kioski: sashe.

Kwa kioski kaeni kidogo. Amri ya serikali namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki nchini Kongo. Sheria ipo, sashe nyeusi nayo ipo. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda walikataza tangu 2008, na kila anayevuka mpaka anajua kuficha sashe yake au kuiacha. Lakini msiende kwa mwenye kioski mkiwa mmeshika amri hiyo mkononi kama askari, atafunga mlango. Mwambieni kwamba sashe anainunua kwa pesa yake na kuitoa bure. Mteja akija na kikapu, chupa ya mafuta au kopo la sukari, yeye amebakiwa na faranka zake. Avenyu ikikubaliana kwamba watu wote wanakuja na vyombo, hakuna kioski kitakachopoteza wateja kwa kioski jirani. Ndiyo maana vioski vyote viwili au vitatu lazima vikubali siku moja. Kimoja kikikataa, vingine vitarudi nyuma ndani ya juma.

Sasa vidanje. Chupa ya bia inarudi dukani kwa sababu anayeirudisha anapata kitu na asiyeirudisha anapoteza. Hakuna mahubiri yaliyofanya kazi hiyo; ni amana. Ombeni mwenye depo au muuzaji wa mafuta ajaribu jambo hilohilo kwa chombo kimoja: kiasi kidogo juu ya chupa ya plastiki, kinachorudishwa chupa ikirudi. Nchi kadhaa za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zinaendesha chupa za plastiki kwa njia hii nchi nzima. Kwenye avenyu inatosha muuzaji mmoja mwenye daftari.

Mmefaulu ikiwa: ndoo za malewa zinajaa maganda safi kwa juma zima kabla nyumba hata moja haijaambiwa itenganishe chochote. Majirani watauliza wenyewe ndoo zile ni za nini.

## Hatua ya 4: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Sasa itisheni mkutano. Shefu wa avenyu aalikwe na aketi mbele. Mwonyesheni karatasi siku mbili kabla, asije akaisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Ukiulizwa mna haki gani ya kutunga kanuni, Katiba ya nchi, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na wajibu wa kuyatetea.

Karatasi iwe fupi. Hii mnaweza kuinakili:

*Sisi wa nyumba hizi kumi na biashara hizi tumekubaliana:*
*1. Vinavyooza vinawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Vinachukuliwa kila siku: nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kwenye malewa saa kumi na moja jioni.*
*2. Vikavu, yaani plastiki ngumu, vyuma na karatasi, vinawekwa kwenye gunia; vyombo viwe vimesuuzwa. Vinachukuliwa Jumamosi.*
*3. Mabaki yana gunia lake. Gunia moja kwa juma limo ndani ya mchango. La pili linalipiwa.*
*4. Vioski havitoi sashe kwa mwenye kikapu au chombo.*
*5. Hakuna anayechoma plastiki, wala kutupa mtaroni au bondeni.*
*6. Ndoo iliyochanganywa hairudishwi tupu: inarudishwa ilivyo.*
*7. Pesa zinasomwa hadharani kila mwisho wa mwezi.*

Mtaona hakuna faini. Nimeona faini zikiandikwa, sijaona zikilipwa bila ugomvi, na ugomvi wa taka ukiingia kwenye ukoo hautoki. Kanuni ya 6 ina nguvu zaidi. Mtu anayefungua mlango na kukuta ndoo yake imejaa vilevile, na jua linapanda, hahitaji barua.

Kama kuna anayeuliza "tunafaidika nini?", msimpe hotuba ya hali ya hewa ya dunia. Mwambieni njia ya sashe yake: mtaro, mto Kawa, Ziwa Kivu, kisha Ruzizi. Bwawa la umeme la Ruzizi I liko kilomita chache tu kutoka mahali maji yanapotoka ziwani, na takataka zinazoelea hukwama kwenye mitambo yake hadi watu wanaingia majini kuzitoa. Anayekaa gizani kwenye kartie ya Panzi ataelewa.

## Hatua ya 5: Ndoo moja, magunia mawili

Mapipa matatu ya rangi barabarani yasahauni. Pipa la wote halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe linachanganywa. Chombo kikae ndani ya parsela, kiwe na alama ya nyumba.

Ndoo ya vinavyooza ndiyo yenye mfuniko na ndiyo inayotolewa kila siku. Chini yake wekeni kiganja cha vumbi la mbao. Linanyonya maji na kuzuia nzi. Gunia la kwanza ni la vikavu, la pili ni la mabaki: pampasi, pedi, vigae, mifuko iliyochafuka, nywele.

Mfundisheni anayeosha vyombo, si mwenye nyumba. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na mbili. Mkimpita yeye, mtazungumza na baba mwezi mzima na ndoo itabaki imechanganyika.

Mchukuzi alipwe. Kwenye ngazi na vichochoro vyetu gari halifiki, kazi ni ya mgongo na kichwa, na mama anayebeba mizigo anajua bei ya mteremko. Mchukuzi wa kujitolea hudumu mpaka mvua ya kwanza.

Mmefaulu ikiwa: baada ya juma la tatu, ndoo nane kati ya kumi hazina sashe ndani.

## Hatua ya 6: Mboji

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Kilo 16 za maganda kwa siku, pamoja na vikavu vya mboji (vumbi la mbao na majani makavu, si vikavu vya gunia) mara mbili ya ujazo wake, zinajaza sanduku la mita moja kila upande kwa siku kumi hadi kumi na nne, kwa kuwa rundo linanywea jinsi linavyojazwa. Mboji inahitaji miezi mitatu hivi. Kwa hiyo mnahitaji masanduku 6 hadi 8 yanayopokezana. Nyumba arobaini zingehitaji masanduku karibu thelathini, na hakuna avenyu ya Kadutu yenye nafasi hiyo. Ndiyo sababu ya nyumba kumi.

Kupanga. Chini weka matawi makavu, unene wa sentimita 20, hewa ipite. Juu yake ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za vikavu: vumbi la mbao, majani makavu ya migomba, karatoni iliyochanwa bila gundi ya plastiki. Rudia. Maganda yasionekane juu kamwe. Safu ya mwisho ni kavu daima. Majivu yawe machache, kiganja tu kwa kila safu. Nyama, mifupa, mafuta na vichwa vya sambaza (dagaa wa ziwani) visiingie, vinaita panya na mbwa.

Maji. Chukua konzi kutoka katikati na uikamue. Kitone kimoja au viwili: sawa. Yakitiririka, ongeza vikavu na ugeuze. Isipotoa kitu na ikatawanyika, nyunyiza maji.

Joto. Siku ya nne tumbukiza nondo katikati, iache dakika kumi, ichomoe. Iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika. Rundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za selisiasi, na joto hilo likidumu siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wetu ni wa baridi, kwa hiyo rundo dogo la nusu mita halitapata joto kamwe. Ujazo ndio blanketi lake.

Kugeuza. Mara moja kwa juma katika mwezi wa kwanza, cha nje kiingie ndani. Baada ya hapo liacheni. Mnaweza kuunganisha masanduku mawili yaliyonywea kuwa moja.

Harufu. Harufu kali ya kuchoma pua ina maana maganda ni mengi mno. Harufu ya yai viza ina maana hakuna hewa. Dawa ni ileile: vikavu na kugeuza. Jirani akilalamika, geuzeni siku hiyohiyo. Msimwambie avumilie.

Mmefaulu ikiwa: mboji ni nyeusi, inanukia udongo wa msitu, na huwezi tena kutambua ganda la ndizi. Jaribio la mwisho: panda mbegu za lengalenga kwenye kopo la mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo. Zikiota na kusimama, pelekeni gunia kwa yule mkulima. Zikiwa za njano na kufa, subirini mwezi mwingine. Kuuza mboji mbichi ni kumfukuza mteja mara moja tu, lakini kwa milele.

## Hatua ya 7: Plastiki bila moto

Chupa isuuzwe, ikauke, ikanyagwe, kizibo kando. Chupa ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi, maana yake kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Gunia la chupa zisizokanyagwa ni hewa, na mtalipia usafiri wa hewa.

Namba ikifutika, kata kipande ukitie kwenye maji. Namba 1, ya chupa za maji, inazama. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Bomba la kijivu la plastiki linazama pia; hilo liwekwe kwenye mabaki.

Kuna vijana wanaoyeyusha plastiki na kuichanganya na mchanga kutengeneza matofali ya kukanyagia. Inawezekana, kwa mitambo na mahali panapofaa. Msiijaribu kwenye parsela kwa pipa na kuni. Moshi wake unaumiza mapafu, na kipande kimoja cha lile bomba kikiingia humo hutoa hewa ya asidi. Uzeni, msiyeyushe.

## Hatua ya 8: Vya hatari

Sindano: chupa ngumu, kizibo kikazwe, ipelekwe kituo cha afya kilichokubali kuipokea. Betri za tochi, simu na taa za sola: kopo la mchanga mkavu, mbali na mvua. Betri ya gari isivunjwe nyumbani hata mnunuzi akiitaka imepasuliwa. Madini ya risasi yaliyo ndani yake yanabaki kwenye udongo ambao watoto wanachezea.

## Hatua ya 9: Pesa

Mchango wa kila nyumba uwe mdogo na uwe umejumuisha gunia moja la mabaki. Gunia la ziada lilipiwe. Maganda na vikavu vichukuliwe bure. Hivyo anayetenganisha anaona tofauti mfukoni, na asiyetenganisha pia.

Msifanye kila gunia la mabaki kuwa la kulipia tangu la kwanza. Inasikika kuwa haki, lakini kwenye mji wenye mabonde, gunia linalolipiwa hugeuka gunia la usiku. Mchango wa chini ndio unaoondoa sababu ya kutoka gizani.

Watu watatu: mmoja anashika sanduku, mwingine ufunguo, wa tatu daftari. Wasiwe wa nyumba moja. Biashara zilipe kidogo zaidi, isipokuwa malewa; yeye anawapa maganda.

## Ikikwama

*Ndoo zinaanza kuchanganywa tena.* Angalieni kwanza kama mchukuzi amekosa siku. Mara nyingi ni hivyo. Ndoo iliyokaa siku mbili inanuka, na inayonuka inamwagwa popote.

*Mnunuzi wa plastiki ametoweka.* Punguzeni mkusanyo kwa chupa zinazouzika tena zikiwa nzima, na mwambie kila nyumba wazi. Msiendelee kupokea mnachokwenda kumwaga.

*Mabaki hayapungui.* Fungueni magunia matatu ya mabaki mbele ya kamati na mpime upya kama juma la kwanza. Mkikuta maganda, tatizo ni ndoo. Mkikuta sashe, rudini kioski. Mkikuta pampasi peke yake, mmefika mwisho wa kinachowezekana kwa sasa, na hicho ndicho kinachokwenda jalalani kwa haki.

*Mvua.* Kuanzia Septemba hadi Mei inueni masanduku juu ya mabanzi, yafunikeni juu lakini acheni pembeni wazi, na chimbeni mfereji mdogo upande wa juu maji yasipitie chini. Akiba ya vikavu iandaliwe kiangazi, Juni hadi Agosti, chini ya paa: magunia kumi ya vumbi la mbao na majani ya migomba yakiwa makavu. Yakiisha Desemba, hakuna fundi mbao atakayewapa makavu mengine.

*Nyumba kumi za jirani zinataka kujiunga.* Wapeni mizani na daftari, waanze na hatua ya 1. Msiwape nafasi kwenye masanduku yenu.